Watoto wa SS wapimwe kichwa pia kwa ekografi

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo hapa Katuba, Lubumbashi. Naomba nafasi katika gazeti lako kwa sababu ya binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 11 na ugonjwa wa SS, yaani selimundu, ule wa damu unaorithiwa, ambaye mkono wake wa kuume hadi leo haushiki kalamu.

Alikuwa na miaka 6. Tulikuwa tunakula usiku. Alimega bukari, akachovya kwenye lengalenga, tonge likamwanguka. Akamega tena, likaanguka tena. Nikamgombeza, nikidhani anachezea chakula. Akainua uso, nikaona mdomo umekwenda upande. Akaniambia: “Mama, mukono yangu haisikie.” Baada ya hapo alikaa karibu miezi mitatu bila kutamka neno likaeleweka.

Kwamba ni SS tulijua tangu akiwa na miezi 9, vidole vilipomvimba. Tulifundishwa kumnywesha maji mengi, kumkinga na malaria, kumkimbiza hopitali akiishiwa damu. Kuhusu ubongo hakuna aliyetuambia lolote. Ndiyo maana alipopooza, kabla hata hatujarudi kutoka hopitali, nyumbani walikuwa wameshamtaja shangazi yake kuwa ndiye aliyemroga. Yule dada wa mume wangu, aliyembeba mtoto huyu mgongoni, hakukanyaga kwetu kwa miaka miwili. Naandika haya akijua, na msamaha nilimwomba mbele ya watu.

Kitinda mimba wangu naye ni SS. Mimi na baba yao sote tuna AS, yaani tumeubeba ugonjwa bila kuugua, na kwa wazazi kama sisi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto wa SS. Mwaka jana, akiwa na miaka 4, daktari mmoja wa moyo aliniuliza kama amewahi kupimwa damu ya kichwani. Nilifikiri anataka kumtoboa. Kumbe ni ekografi, ileile tunayopimwa tukiwa na mimba.

Mtoto alilala chali kitandani, macho wazi. Daktari alimpaka jeli pembeni ya jicho, juu kidogo ya sikio, akaweka pale sonda, kile kifaa cha mkononi cha ekografi, ile ya kupimia moyo. Alinieleza kuwa mahali hapo mfupa ni mwembamba, mawimbi yanapenya, na kwamba njia hii imejulikana tangu 1982. Alinikataza kumwacha mtoto asinzie au alie, maana vyote viwili hubadilisha mwendo wa damu, na akauliza kama ana homa au kama ameongezwa damu karibuni. Kisha akafungua sauti. Fuu, fuu, fuu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Hiyo ilikuwa damu ya mwanangu ikienda kwenye ubongo. Dakika zikapita, nusu saa hivi, pande zote mbili za kichwa, bila sindano wala tone la damu.

Ukiubana mpira wa maji kwa kidole, maji huruka kwa nguvu. Mishipa ya ubongo ya mtoto wa SS ikianza kuwa myembamba, damu hupita mbio hivyohivyo. Tena damu yake ni chache, kwa hiyo moyo unaisukuma haraka zaidi. Mashine inapima mbio hizo. Chini ya sentimeta 170 kwa sekunde ni salama. Kuanzia 170 hadi 199 mtoto afuatiliwe kwa karibu. 200 na kupita, hatari ya kupooza ni kubwa. Wa kwangu alikuwa na 178. Daktari akasema mashine ya picha kama yake huonyesha pungufu kidogo ya ile iliyotumiwa kuweka vipimo hivyo, kwa hiyo hataki kungoja.

Si maneno ya kubahatisha. Marekani walifuatilia watoto 130 wa SS waliokuwa wamepita 200, matokeo yakatolewa 1998. Kati ya 63 waliokuwa wakiongezwa damu mara kwa mara, mmoja alipata kiharusi. Kati ya 67 wengine, 11. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Hiyo habari ilikuwepo miaka mingi kabla binti yangu hajazaliwa.

Najua damu ya kila mwezi kwetu ni shida; kila chupa tunatafuta ndugu wa kuirudisha. Wangu alianzishiwa dawa ya hidroksiyurea, ambayo hupunguza mbio hizo, ingawa lazima kupima damu mara kwa mara wakati wa kuitumia. Dawa hii imejaribiwa kwa watoto wa SS wa Afrika, na Kinshasa ilikuwa mmoja wa miji minne ya utafiti huo uliotolewa 2019. Baada ya miezi 6 tulirudi. 151.

Ninachoomba kwa wakubwa wa afya wa jimbo na kwa wenye kliniki ni hiki: mtoto wa SS, kuanzia miaka 2 hadi 16, apimwe kichwa kila mwaka, kama anavyopimwa uzito. Mashine za ekografi ziko mjini. Kinachokosekana ni sonda ya moyo na mikono iliyofundishwa. Wafundisheni wale wanaopima mimba na moyo. Na bei iwekwe mahali ambapo mama anayeuza makaa anafika. Mimi kipimo cha kwanza nilikilipa kwa kuuza charahani yangu ya pili.

Daktari yeyote wa mji huu atakayekubali kutenga siku moja kwa mwezi, sisi bamama wa SS wa Katuba tutaleta watoto. Tumeshaandikana kwenye daftari. Tuko 23.

Mama wa watoto wa SS,
Katuba, Lubumbashi