Msing'oe pilipili zote baada ya mavuno

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wakulima wenzangu kuhusu miche ya pilipili msimu unapokwisha. Pilipili si mahindi. Ni mmea wa miaka, na pilipili kichaa hasa huzaa misimu kadhaa kwenye shina lilelile. Inaumiza kuona shamba zima linang'olewa. Kuliacha na matunda yaliyooza juu ni vibaya vilevile, maana hapo ndipo inzi weupe na vidukari wanapongojea msimu ujao.

Amua mche kwa mche. Wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya kijani na njano una batobato, ugonjwa wa virusi. Kupogoa hakuponyi virusi, kwa hiyo machipukizi nayo yatatoka yakiumwa. Ng'oa, choma. Mche ulionyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi upime hivi: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, ungoje dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, na vimelea vimo udongoni. Hapo usirudishe pilipili, nyanya, biringanya wala viazi mviringo kwa miaka isiyopungua 3. Panda mahindi.

Miche mizima ichume pilipili zote, mbivu na mbichi, kisha ikate ibaki sentimita 15 hadi 20. Acha matawi mawili au matatu, kila moja na vifundo viwili vitatu, kwani chipukizi hutoka kifundoni. Kata juu kidogo tu ya kifundo. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka na kuoza kuteremka chini. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine. Wengi hupuuza hili, kumbe mkasi ndio unaotembeza ugonjwa shamba zima.

Kosa kubwa huja baadaye: maji na mbolea nyingi kwa huruma. Mche usio na majani hunywa kidogo, na udongo ukilowa muda wote mizizi huoza. Mwagilia pale tu udongo unapokauka kina cha kidole. Samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kwa mche, ingoje machipukizi yafikie sentimita 5, nayo isiguse shina. Mbolea ya kukuzia ukizidisha utapata majani tele na maua haba. Kwenye baridi ya kugandisha, mche uliokatwa uhamishie kwenye chungu, ukae ndani.

Mbegu zitoe kwenye matunda yaliyoiva kabisa ya mche mzima usio chotara, uliokuwa mbali na aina nyingine, maana nyuki huchanganya. Anika kivulini. Mbegu iliyokauka ukiikunja huvunjika. Ikipinda tu, irudishe kwenye chekeche.

Mkulima wa pilipili