Safari ya harusi Mwanza

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Wengi mmeuliza kama ndege ina maana. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar, hadi Mwanza ni kama kilomita 850 angani, na ndege ya jeti hutumia takribani saa moja na nusu. Ya pangaboi huchelewa kidogo. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, siku nzima kwenye basi, na bibi mgongo unamsumbua. Mimi nasema tupande ndege.

Ila saa moja na nusu hiyo ni ya angani tu. Fikeni uwanjani saa mbili kabla ya ndege kuruka, foleni ya Barabara ya Nyerere mnaijua. Mwanza, uwanja uko kama kilomita kumi kutoka mjini, gari litatusubiri. Majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, nitumieni leo jioni tafadhali.