Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: hesabu ya makaburi isubiri Novemba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: MAKABURI YA KANISANI KIJIJINI KWETU

Kwanza, pole na kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtoto wa kijiji kimojawapo huko Kusini, naishi Dar es Salaam. Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba napanda basi la alfajiri kwenda kufyeka makaburi ya kwetu. Tarehe 2 ni siku ya Marehemu Wote, na ndio msimu wenyewe wa korosho. Ukiona watu wa kwetu wameacha mikorosho yao wakajaa kanisani, ujue jambo lina uzito.

Agosti mjomba alinipigia simu. Watu wa vipimo wamefika, barabara inapanuliwa, na uwanja wa kanisa utamegwa upande wa mashariki. Makaburi yameshahesabiwa na kupakwa namba kwa rangi nyekundu. Nikamuuliza, la bibi limepata namba ngapi? Akanyamaza kidogo.

"Halina. Wamepaka yenye saruji tu."

Barabara siipingi. Bibi mwenyewe, siku alipozidiwa, alivushwa mto juu ya kitanda cha kamba, vijana wanne wakipokezana, kwa kuwa gari lilishindwa kufika ng'ambo yetu. Angekuwepo angewapikia uji hao wapima ardhi.

Lakini kaburi lake ni tuta la udongo lililozungushiwa mawe. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa, tukaweka wa pili, nao ukaliwa. Kilichobaki ni bakuli lake la bati lenye maua ya buluu, limefunikwa kifudifudi juu ya tuta na kutobolewa katikati ili mtu asilitamani. Ndilo alilotupakulia kisamvu miaka yote ya utoto wetu. Mgeni akipita ataona bakuli bovu limetupwa majanini. Simlaumu sana kijana wa rangi. Alitumwa ahesabu makaburi, akahesabu aliyoyaona.

Sasa nikueleze kwa nini wazee wamekosa usingizi. Katika safu ile ya mashariki wamelala wajukuu wa watu walioachwa huru kutoka utumwani, wale ambao Askofu Edward Steere aliondoka nao Mbweni, Unguja, mwaka 1876, wakielekea Nyasa, safari ikaishia Masasi. Wako waliokamatwa wakiwa wadogo mno, hata jina la kijiji cha mama zao hawakuwa nalo. Watu hao walishapotezewa ukoo mara moja, Mheshimiwa. Kupotezwa mara ya pili kwa sababu ya kukosa mfuko wa saruji, hilo ndilo linalomkereketa mjomba.

Nimesoma Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Ni sheria ya zamani lakini ina adabu zake: fidia inahusu gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na matambiko au ibada zinazoambatana na kazi hiyo. Sikuona mahali inaposema kwamba kaburi ni saruji.

Ombi langu ni moja. Hesabu irudiwe, na irudiwe tarehe 2 Novemba. Siku hiyo kila ukoo huleta karatasi yenye majina ya marehemu wake, yakasomwa yote altareni; hapo mzee yeyote mwenye haraka ajue kaumia. Baada ya misa padre anatoka nje na ubani na maji ya baraka, anazunguka uwanja mzima, na kila ukoo unakuwa umesimama kwenye makaburi yake. Kwa muda ule hata kaburi lisilo na jiwe wala mti lina mtu amesimama pembeni, na ana jina mdomoni. Watu wa vipimo wakitembea nyuma ya padre na daftari lao, watamaliza kabla ya saa sita. Kitabu cha mazishi cha parokia nacho kipo sakristia, kwa wanaotaka kuhakikisha. Namba ziandikwe kwenye vigingi, tafadhali. Bakuli la bibi lisipakwe rangi.

Ukiweza kuja mwenyewe, misa ni saa moja asubuhi. Chai ipo, na mihogo. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama, kwa hiyo msemaji wetu ni mjomba. Mtafute yeye, baba zetu watakuelekeza kwake tu. Gari liache chini ya mwembe. Na ukichoka, usikae kwenye lile jiwe bapa karibu na mlango wa sakristia. Wageni wote hulidhani benchi. Lina mtu chini yake, nalo pia halikupata namba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjukuu, Dar es Salaam