Kwa wajukuu zangu wa kidato cha kwanza na cha pili: kisomeni kitabu chenyewe

Wajukuu zangu,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi mlioanza sekondari hapa Dar es Salaam, wa Mbagala, Gongo la Mboto, Tandale, Kigamboni, Kimara na kwingineko. Nawaandikia hasa mliotoka shule za msingi za serikali. Kwa miaka 7 hesabu, sayansi na hadithi mlifundishwa kwa Kiswahili, kisha mkaingia kidato cha kwanza mkakuta karibu kila kitabu kimegeuka Kiingereza. Nilifundisha Kiingereza sekondari hadi nikastaafu, na bado watoto wa mtaani hunijia jioni na madaftari yao. Ninayoyaona humo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Naona madesa, yale makaratasi ya majibu yaliyoandaliwa tayari ambayo mtoto huyakariri badala ya kusoma kitabu. Desa la wahusika, desa la dhamira, desa la mandhari. Mtoto ananiambia Hawa, yule dereva wa kwenye kitabu cha Hawa the Bus Driver, ni jasiri, mchapakazi na mwenye upendo, sifa tatu kwa mpangilio uleule aliopewa mwenzake wa shule nyingine, wilaya nyingine. Namuuliza, huo ujasiri wake umeuona wapi? Kimya. Kitabu hajawahi kukifungua. Amekariri majibu ya kitabu asichokijua, na mtihani wa kidato cha pili ukifika atayamwaga hivyo hivyo. Baraza la Mitihani likiligeuza swali kidogo tu, likataka aeleze kwa nini mhusika alifanya alivyofanya, atabaki anatazama dari.

Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vyote vya Richard Mabala, ni vitabu vyembamba. Vimeandikwa kwa ajili ya watu kama ninyi, wanaojifunza Kiingereza, na maneno yake yamechaguliwa kwa huruma. Vizazi vya wanafunzi wa nchi hii vimepitia humo. Anayesoma polepole kabisa anaweza kukimaliza kimoja kwa Jumamosi mbili. Desa lake litakuchukua muda huohuo kulikariri, na baada ya mtihani halitabaki nawe lolote.

Basi sikilizeni namna ya kusoma, maana hapa ndipo wengi wanapoachwa peke yao. Mara ya kwanza, soma sura nzima bila kamusi. Usisimame kwenye kila neno gumu, lipigie mstari mwembamba wa penseli, uendelee. Ukisimama kila mara hadithi inakatika, na hadithi ikikatika unachoka. Ukimaliza sura, funga kitabu. Mwendee mtu nyumbani, mama, kaka, hata mdogo wako wa darasa la tatu, umsimulie sura hiyo kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili. Najua baadhi ya shule zimebandika ukutani kwamba Kiswahili ni marufuku, na sigombani na walimu wenu. Lakini nyumbani ni kwenu. Ukiweza kusimulia sura kwa Kiswahili mpaka msikilizaji akauliza, "Ikawaje?", basi umeielewa. Ukikwama katikati, umepajua pa kurudia kusoma.

Baada ya hapo ndipo ufungue kamusi, urudi kwenye maneno uliyoyapigia mstari. Utakuta mengine yamejieleza yenyewe. Kisha andika sentensi tatu za Kiingereza kuhusu sura hiyo. Tatu tu, zako, zisizotoka kwenye kitabu wala kwa rafiki.

Na unapofika kwenye wahusika, usianze na sifa. Anza na kitendo. Mhusika alitaka nini? Nani au nini kilimzuia? Alifanya nini watu wakimtazama, na alifanya nini alipokuwa peke yake? Weka kidole kwenye ukurasa. Sifa itakuja yenyewe nyuma ya kitendo, na mara nyingi haitakuwa ile ya kwenye desa. Mwanamke anayeendesha basi anaweza kuwa jasiri, sawa, lakini pia anaweza kuwa amechoka, au mwenye hasira iliyo na sababu, au mtu anayependa sana kazi yake. Soma uone. Mwalimu anayesahihisha madaftari hamsini yenye jibu moja akikutana na mwanafunzi aliyesoma kweli, anaamka kitini. Nayasema haya kwa kuwa niliamka hivyo mara nyingi.

Yote haya, wahusika, mandhari, dhamira, mnayajua tayari kutoka kipindi cha Kiswahili. Mnafundishwa fani na maudhui humo. Hamuanzi sifuri. Kinachobadilika ni lugha, macho ya kusomea ni yaleyale.

Mashairi ndiyo yanayowatisha zaidi, na mimi naona ndiko mliko na mali nyingi kuliko mnavyodhani. Mmekulia kwenye nyumba zenye kanga ukutani na maneno yake ya mafumbo. Mmesikia taarabu kwenye harusi za uswahilini, mmeghani ngonjera shuleni, mnajua kuhesabu mizani 16 kwenye mshororo wa shairi la tarbia, 8 upande huu na 8 upande ule. Sikio hilo lipelekeni kwenye shairi la Kiingereza. Mstari wa kawaida katika tamthilia za Shakespeare una silabi 10, dhaifu na nzito zikipokezana, na mara nyingi hauna vina. Katika Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, humo hauhami kirahisi. Katika Kiingereza mkazo unahamahama, na mshairi anauchezea. Kwa hiyo shairi la Kiingereza msilisome kimyakimya. Lisomeni kwa sauti, mkigonga meza kwa kidole kwenye silabi nzito. Mtakapoanza kusikia mdundo, nusu ya uoga itakuwa imeondoka.

Mwalimu Nyerere alifanya zaidi ya hapo. Alifundisha Pugu, hapa hapa kandokando ya jiji letu, akaacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Kisha, akiwa na nchi nzima mabegani, akaitafsiri Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice ya Shakespeare huyohuyo. Mtu aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko sote aliona inafaa kukaa na mistari hiyo mmoja mmoja. Ombeni vitabu hivyo maktaba, mviweke pamoja na vya Kiingereza, mwone alivyopambana na kila mstari.

Sasa kuandika. Insha nyingi ninazoletewa zinaanza na mvulana aitwaye John aliyeishi katika kijiji cha mbali. Mwandishi wake anaishi Vingunguti na hajawahi kulala kijijini. Kwa nini mnakimbia mnachokijua? Andika foleni ya pantoni asubuhi, watu wa Kigamboni wakisukumana na baiskeli zao na ndoo za samaki. Andika kondakta anayewazuia wanafunzi mlangoni mpaka abiria wa nauli kamili wajae, na mwenzako mmoja aliyepenya, na ulichokisikia ulipobaki kituoni ukiitazama daladala inaondoka. Andika Jangwani mvua zinaponyesha, Mto Msimbazi unafurika, mabasi ya mwendokasi yanasimamishwa na watu wanatembea wakiwa wameshika viatu mkononi. Kiingereza cha mambo hayo utakipata, kwa sababu unajua unachotaka kusema. Kiingereza cha kijiji cha John utakikariri tu.

Sentensi ziwe fupi. Mtendaji, kitendo, kilichotendwa. Ukishaijenga hiyo ikasimama, ndipo uongeze lini, wapi na kwa nini. Najua mmeambiwa maneno makubwa yanapendeza. Kwenye karatasi niliyosahihisha, neno kubwa lililokosewa liliharibu sentensi ambayo neno dogo lingeiokoa.

Uwe na daftari dogo la mistari mitano kwa siku. Mistari mitano haimshindi mtu, hata siku ya kuchota maji na kufua sare. Na insha yoyote iandike mara mbili. Ya kwanza imwage ilivyo, usijizuie. Kesho yake isome kwa makosa ya aina moja moja. Pitia mara moja ukitafuta nyakati za vitenzi tu, kwa sababu hadithi iliyoanza jana haifai kuishia leo bila sababu. Pitia tena ukitafuta jinsia tu. Sisi tunasema "alikuja" kwa mwanamume na kwa mwanamke, basi tukiandika Kiingereza dada wa hadithi hugeuka kaka katikati ya aya. Kosa hilo ni letu sote na dawa yake ni kulitafuta makusudi. Kisha nakili upya.

Kuna jambo linaniumiza kuliko madesa, nalo ni kucheka. Mtoto anasimama darasani kusoma insha yake, anatamka neno vibaya, darasa zima linaangua kicheko, na tangu siku hiyo hasimami tena mpaka kidato cha nne. Nimewaona watoto hao. Baadhi yao walikuwa na hadithi ambazo darasa zima halikuwa nazo. Nawaomba, wajukuu zangu, nawasihi, msimcheke mtu anayejaribu lugha ya tatu baada ya ya kwao na Kiswahili. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akakua katika Kiswahili, akaandika riwaya zake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 inahusu pwani yetu na misafara ya kwenda bara, na Kiswahili kimo ndani yake, hakikufichwa. Huyo anayechekwa nyuma ya darasa naye ana pwani yake ya kuandika.

Kuhusu simu nitasema kwa kifupi. Sasa kuna akili mnemba inayokuandikia insha nzima kabla chai haijapoa. Ulizeni maana ya neno, ulizeni kwa nini sentensi yenu ina kosa, lakini msiipe daftari. Chumba cha mtihani mtaingia wenyewe.

Wasio na kitabu ni wengi, nalijua hilo vizuri. Kitabu kimoja kwa watu sita si sababu ya kukimbilia desa. Kaeni sita hao chini ya mwembe, mmoja asome kwa sauti, mwingine asimulie kwa Kiswahili, mwingine aandike maneno magumu, kisha mbadilishane. Nimeona vikundi vya hivyo vikiwapita wenye vitabu vyao binafsi. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iko wazi kwa umma tangu mwaka 1967, na pana viti na utulivu ambao nyumba zetu nyingi hazina. Nendeni wawili wawili, mkiwa na sare, mwaulize wahudumu utaratibu wa kujiandikisha. Pale mjini pia kuna wauza vitabu vya mitumba wanaovitandaza chini pembeni mwa njia. Pekueni taratibu, zungumzeni bei, hadithi fupi za Kiingereza chepesi hazikosekani.

Na ninyi wazazi mnaosomewa barua hii na watoto wenu, hamhitaji kujua Kiingereza ili kusaidia. Jioni, ugali ukiwa jikoni, mwambieni mtoto, "Nisimulie ulichosoma leo." Akiishia njiani mwulizeni, "Kisha?" Msimwachie mpaka afike mwisho wa sura.

Mwenye insha na aniletee. Jumamosi asubuhi nipo barazani.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Temeke