Majani yangu yanaungua ndani ya nyumba, wala jua hayajapata kuliona

Kwa Bwana Shamba,

Assalaam aleikum. Saladi zangu zimeanza kuungua tena, mara ya tatu sasa tangu masika yaishe. Nimeona nikuandikie kabla sijang'oa kila kitu.

Naishi Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, madirisha machache. Shamba hatuna. Kuna kiwanda tu, yaani ule ua wa ndani, na jua hukifikia adhuhuri likaondoka. Mwaka jana nilipanda juu ya paa, lakini upepo wa kusi ulileta chumvi ya bahari na kunguru wakaimaliza miche. Mboga zetu huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, upande wa bara, na saladi, kwa kuwa hutoka mbali, hufika imeshanyauka. Ndipo nikaingia kwenye haidroponiki, kilimo cha maji bila udongo, katika chumba cha chini kilichokuwa ghala. Nina wateja wanne wa nyumba za wageni, na majirani huja kununua nanaa ya chai na mrihani. Pesa ninayopata ni ya karo, kwa hiyo hili kwangu si jambo la kujifurahisha.

Chumba kina rafu tatu. Chini nimeweka saladi, katikati nanaa, zote kwenye mabeseni ya maji yenye vifuniko vilivyotobolewa, na pampu ndogo ya hewa kama ile ya kufugia samaki. Juu ni mrihani, nao nimeupanda kwenye makumbi ya nazi. Kila rafu ina taa mbili nyeupe za LED, shubiri moja kutoka kwenye majani, zinazowaka saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku. Mlango naufunga kwa sababu ya paka. Chumba hufika nyuzi 31 mchana, na maji ya beseni nyuzi 29.

Sasa majani yenyewe. Naomba unisome polepole hapa, kwa sababu kila mtu niliyemwonyesha amelitazama moja akanipa dawa ya yote.

Saladi huota vizuri wiki tatu za mwanzo. Baadaye majani machanga, yale ya moyoni kabisa, huota kingo za kahawia kana kwamba yamepitishwa kwenye moto. Majani ya nje, makubwa, hayana kasoro.

Nanaa ni kinyume chake. Machanga ni mazima, yanayougua ni ya chini, ya zamani: hukauka kuanzia ukingoni kuja ndani, yakakatika ukiyashika.

Mrihani nao una mambo mawili. Majani mapya hutoka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mfano wa ramani ya mito. Na ile michache iliyorefuka ikaikaribia taa imekuwa myeupe juu, majani yamejikunja kuelekea juu. Hii ya pili naamini ni taa, kwa sababu shina lile lile, shubiri mbili chini, halina weupe.

Wadudu nimewatafuta. Nimeyakung'uta majani juu ya karatasi nyeupe, nikatazama upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Hakuna kinachotembea, wala utando. Mizizi ni myeupe na hainuki, ingawa ya saladi imeanza kuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Najua maji ya moto hushika hewa kidogo, na nyuzi 29 ni nyingi. Saladi hupenda maji ya nyuzi ishirini na kidogo.

Mavyaa wangu amesema neno moja tu tangu nianze: "Mwanangu, mti wataka yua," yaani jua. Jirani anasema taa zina makali, nizipandishe. Aliyeniuzia mbolea anasema niongeze mbolea. Kwa woga, wiki moja nilifanya yote: nikapandisha taa, nikaongeza mbolea, nikabadilisha maji. Baada ya siku nane sikuona nafuu, na hata ningeiona nisingejua imetoka wapi. Tena nilikuwa nakagua majani yaliyokwisha kuungua, na jani lililoungua haliponi. Nilipaswa kutazama yale yaliyozaliwa baadaye.

Ninachokishuku mimi ni maji. Kisima chetu ni cha magadi kidogo, kama visima vingi vya mjini. Maji matamu ya Lamu asili yake ni kwenye vilima vya mchanga vya kijiji cha Shela. Mimi huchanganya nusu ya bomba na nusu ya kisima. Nilikopeshwa kipimo cha EC, kile kinachosoma wingi wa chumvi majini. Beseni lenye mbolea lilisoma 1.9, nikafurahi, kwa sababu ndivyo karatasi ya mbolea ilivyotaka. Juzi ndipo nilipoupima ule mchanganyiko wa maji kabla ya mbolea: 1.1! Kipimo huhesabu chumvi zote bila kuuliza ni ipi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya niliyodhani ni chakula ni chumvi ya kisima.

Na pH, kipimo cha uchachu wa maji, ilikuwa 7.4, ilhali mimea hii hutaka kati ya 5.5 na 6.5. Ardhi yetu ni ya matumbawe, chokaa tupu. Huwa natia ndimu. Hushuka hadi 6, na kesho kutwa imerudi pale pale. Nimesoma kwamba pH ikipanda mmea hushindwa kuchukua chuma hata kikiwemo majini. Ndiyo maana nahisi umanjano wa mrihani unatokana na hilo. Halafu makumbi yale nilipewa na mzee anayesokota kamba, na makumbi ya kamba hufukiwa pwani kwenye maji ya chumvi mpaka yalainike. Niliyasuuza mara moja tu.

Basi nisaidie kwa haya.

Je, nianze na maji peke yake, taa na mbolea nisiziguse, nihesabu wiki mbili? Nina jabia la mvua la jirani ambalo naruhusiwa kuteka. Maji ya mvua hayana kalsiamu wala magnesiamu, hivyo najua itabidi niziongeze; lakini jabia limepakwa chokaa, na sijui kama halitanirudisha kwenye pH ile ile.

Kingo za moyo wa saladi, je, ni kalsiamu kukosekana au ni kutofika? Chumba hakina upepo hata kidogo, hewa ni nzito ya unyevu, na jani lisilopumua nasikia halivuti. Je, feni ndogo ingetosha? Na kuna hili: mbolea ya kalsiamu na chumvi ya Epsom, ile ya magnesiamu, huwa naziyeyusha pamoja kwenye chupa moja nzito, na chini hutuama unga mweupe usioyeyuka. Ndiyo kalsiamu yangu hiyo ninayoimwaga?

Badala ya ndimu nitumie nini kisichorudi nyuma baada ya siku mbili?

La mwisho ni saladi arubaini zilizoko rafuni sasa. Nizivune ndogo hivi hivi, niuze majani ya nje yaliyo mazima, au nizisubiri? Wateja wanazingoja Ijumaa ya wiki ijayo.

Wako,
Mama wa nanaa, Mkomani, Lamu