Upasuaji wa kano hautoshi: wagonjwa wa Lamu wanahitaji wataalamu wa viungo karibu nao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kipindi kinachofuata upasuaji wa kuhamisha kano za mkono, yaani zile nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, kipindi ambacho ndicho huamua kama mgonjwa atarudi kuutumia mkono wake au la, na ambacho sisi wakazi wa Lamu tumeachiwa tukipite peke yetu.

Kakangu ni mchongaji wa milango na masanduku. Alivunjika mfupa wa mkono wa kushoto, ule ulio kati ya bega na kiwiko, katika ajali ya bodaboda upande wa bara, na neva inayouzunguka mfupa huo kwa nyuma ikaharibika. Mfupa uliunga vizuri, lakini mkono ukabaki umening'inia kuanzia kwenye kifundo. Hakuweza kuuinua, kunyoosha vidole wala kufungua gumba. Waliokuja kumjulia hali walimliwaza kwamba afadhali ni wa kushoto. Anayeijua kazi ya nakshi anafahamu kwamba mkono wa kulia hupiga nyundo, na wa kushoto ndio unaoshika patasi, kuigeuza, kuilaza na kuifuatisha mchoro, kwa hivyo fundi aliyepoteza mkono wa kushoto amepoteza kazi yote.

Hata nguvu za kushika, ambazo watu hudhani zimesalia kwa kuwa vidole bado hukunjika, huwa zimepungua sana. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe: akunje kifundo cha mkono kabisa kuelekea upande wa kiganja, kisha afumbe ngumi kwa nguvu zake zote. Ataona ngumi haikazi, kwa sababu vidole hupata nguvu pale tu kifundo kinapokuwa kimeinuka kidogo. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii hushindwa kushika kikombe, na akikishika hushindwa kukiachia.

Madaktari waliingoja neva kwanza, maana nyingi za neva zinazoumia pamoja na mfupa huo hupona zenyewe, ingawa hukua polepole mno, kiasi cha milimita 1 kwa siku, na kutoka katikati ya mkono hadi kwenye misuli ya chini ni safari ya miezi. Ilipodhihirika kwamba hairudi, waliamua kuhamisha kano. Kazi nyingine za mkono hufanywa na zaidi ya msuli mmoja, hivyo mmoja wao unaweza kutolewa ukaenda kufanya kazi iliyokosa mwenyewe bila ile ya kwanza kukwama. Kano ya msuli unaogeuza kiganja kitazame chini iliunganishwa na ile inayoinua kifundo. Kano ya mmoja kati ya misuli inayokunja kifundo ikapelekwa kunyoosha vidole. Na kano nyembamba inayojitokeza katikati ya kifundo mtu anapokutanisha gumba na kidole cha mwisho ikapewa kazi ya kunyoosha gumba. Hiyo ya tatu ni kano ya ajabu kwa kweli, kwani wapo watu wanaozaliwa bila kuwa nayo na maisha yao yote hawajui kuwa imekosekana.

Baada ya hapo mkono ulitiwa plasta kwa muda wa wiki nne ili viungio vya kano vishikane. Siku ya kutolewa plasta kakangu alikabidhiwa karatasi iliyoandikwa kwamba afanye mazoezi, na hakuambiwa ni mazoezi gani, mara ngapi, wala aanze na lipi. Sitaitaja hospitali, kwa sababu nimezungumza na jamaa za wagonjwa waliotibiwa kwingine na maelezo yao ni hayo hayo. Tulimpata mtaalamu wa viungo kwa juhudi zetu wenyewe, tena Mombasa, na ni huyo aliyetufahamisha kwamba mgonjwa hana budi kuufundisha ubongo wake upya. Msuli uliohamishwa haujui kuwa umehamishwa. Alimwambia kakangu asijaribu kunyoosha vidole, bali afanye kama anayekunja kifundo, jinsi alivyokuwa akifanya zamani, na vidole ndivyo vitakavyonyooka. Mara ya kwanza vilitikisika kidogo tu, mama akadhani mkono unatetemeka. Alirudia zoezi hilo mara chache kila baada ya saa kadhaa, akipumzika kabla ya msuli kuchoka, na katikati ya mazoezi na wakati wa kulala mkono ukikaa ndani ya banzi la plastiki ile inayolainika kwenye maji ya moto ikafinyangwa kufuata umbo la mkono wa mwenyewe.

Hapa ndipo penye hatari ambayo ningependa kila familia ya huku iielewe. Jamaa na majirani, kwa mapenzi na nia njema, walitaka kakangu apelekwe kwa mkandaji, anyooshwe kwa mafuta ya uta mpaka mkono ulegee. Siwadharau wakandaji, nimewaona wakimpunguzia mtu maumivu ya mgongo. Lakini kano iliyoshonwa karibuni haivutwi kwa nguvu, na katika wiki zile za mwanzo anayeushika mkono ule na kuukunja kupita kiasi anaweza kuulegeza au kuukata mshono wa daktari, ikawa kazi yote ya chumba cha upasuaji imepotea kwa mchana mmoja. Kulikanda kovu polepole ili lisigande na kano iliyo chini yake kunafaa, tena kunahitajika, lakini hufanywa baada ya kidonda kufunga na kwa namna mtaalamu atakayoelekeza. Kadhalika kubeba vitu vizito, kukama nguo na kukuna nazi husubiri mpaka miezi mitatu hivi ipite tangu siku ya upasuaji. Kabla ya hapo zipo kazi nyepesi za nyumbani zinazofaa kuliko kifaa chochote cha kununua, kama vile kuchagua mchele, kuokota choroko moja moja na kuzitia bakulini, au kushika kikombe kitupu cha kahawa na kukiachia.

Ni haki mgonjwa aambiwe mapema pia kile ambacho hakitarudi. Msuli ukihamishwa hupungukiwa na sehemu ya nguvu zake. Vidole vinne vya kakangu hunyooka pamoja, kwa kuwa sasa vinavutwa na msuli mmoja, na kifundo hakikunjiki kwenda chini kama zamani. Hata hivyo anashika patasi, anaiachia anapotaka, na siku hizi haonekani tena akitafakari kabla ya kufungua mkono. Kazi za nakshi ndogo sana humpa mwanafunzi wake.

Umuhimu wa mafunzo haya haukugunduliwa jana. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, alianza kuhamisha kano za mikono ya wagonjwa wa ukoma huko Vellore mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati ambapo mikono ile iliyojikunja kama kucha za ndege ilihesabiwa kuwa haina tiba. Pamoja na upasuaji huo wagonjwa walipewa mazoezi na kufundishwa kazi za mikono, useremala ukiwemo, wapate kujitegemea. Ikiwa jambo hilo liliwezekana wakati ule kwa watu waliotengwa na jamii zao, sioni kwa nini lishindikane Lamu leo.

Nina neno pia kwa wale walioumia zamani, maana wapo visiwani na bara watu wanaoficha mkono ndani ya kanzu au buibui wakiamini kwamba wakati wao umepita. Kuishona neva iliyokatika kuna muda wake, kwa sababu msuli uliokaa bila neva zaidi ya mwaka mmoja au mwaka na nusu hudhoofu kiasi cha kutoitikia tena. Kuhamisha kano hakufungwi na muda huo, kwa vile msuli unaohamishwa uko hai na neva yake ni nzima, na mtu anaweza kusaidiwa hata baada ya miaka mingi. Sharti kubwa ni kwamba viungo visiwe vimekakamaa. Kano mpya haiwezi kusogeza kiungo ambacho hata mkono wa mtu mwingine hauwezi kukisogeza. Kwa hiyo mtaalamu wa viungo anahitajika hata kabla ya upasuaji, amwonyeshe mgonjwa na jamaa zake jinsi ya kunyoosha na kukunja kila kiungo kila siku na amtengenezee banzi la kuuzuia mkono usining'inie.

Hata walioumia uti wa mgongo shingoni, na huku kwetu wengine wao ni wagema na wachumaji walioanguka kutoka juu ya minazi na miembe, upasuaji wa aina hii unaweza kuwasaidia baadhi yao kunyoosha kiwiko au kubana kitu kati ya gumba na kidole. Mtu aliyeweza kunyoosha kiwiko husukuma kiti chake cha magurudumu kwa urahisi zaidi na hufikia kilicho juu ya meza bila kumwita mtu.

Sasa nirudi kwa wahusika. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti hospitali zao. Kutoka kisiwani mgonjwa hupanda boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 300, akiwa na mkono uliofungwa na mtu wa kumsindikiza, kwa ajili ya kuonwa kwa nusu saa na kurekebishiwa banzi. Mwenye kipato cha siku kwa siku hufanya safari hiyo mara ya kwanza, ya pili huahirisha, na ya tatu hakuna. Anayetoka Faza au Kiunga ana safari ndefu zaidi. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC hufunza wataalamu wa viungo na wa tiba ya kazi, yaani wanaomsaidia mgonjwa kuzirudia shughuli zake za kila siku, kwa hiyo ninachoomba ni waajiriwe wa kutosha hapa Lamu, wapewe plastiki ya kutengenezea mabanzi, na wawe na siku zinazojulikana za kwenda Faza, Mpeketoni na Witu. Hospitali inayompasua mgonjwa wa Lamu nayo impe maelezo ya Kiswahili yanayotaja zoezi la kila wiki na mambo asiyoruhusiwa kufanya, na mtaalamu wake amwangalie kwa simu ya video pale asipoweza kusafiri, kwani mazoezi mengi ya vidole yanaonekana vyema kwenye kioo cha simu.

Ningeomba idara ya afya ya kaunti itujibu kupitia ukurasa huu: wataalamu wa viungo walioajiriwa Lamu ni wangapi, wanapatikana hospitali zipi na siku zipi, na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa mkono aripoti kwa nani.

Mkazi wa Mkomani,
Lamu