Mwenye tumbo kujaa asiishie kupima damu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu vidonda vya tumbo. Mengi ni ya kweli, ila pale mliposhauri kila mwenye gesi na kiungulia akapime damu ajue kama ana bakteria wa vidonda, nilisimamisha cherehani.

Mimi ni fundi nguo hapa Makambako. Tangu mwaka 2016 nilikuwa nikila matonge matatu tu ya ugali, tumbo linajaa kama nimemaliza sinia. Nacheua, naungua chini ya chembe cha moyo, na kazi yenyewe ni ya kuinama kutwa. Niliacha maharage, pilipili, mwisho hata chai, na kwa baridi ya huku kuacha chai si mchezo. Majirani waliniletea unga wa ndizi mbichi na maji ya kabichi. Wote walisema ni vidonda.

Maabara moja ya mtaani ikanitoboa kidole, nikaambiwa bakteria wapo, nikapewa dawa. Niseme ukweli: niliziacha siku ya tano, mdomo ulikuwa mchungu kama ninalamba sarafu. Nikaendelea na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ya kununua mwenyewe, miaka.

Mwaka 2021 nikaingizwa kamera tumboni. Kidonda hakuna. Nililia, wala si kwa furaha. Ukishaambiwa huna kidonda, nyumbani wanaanza kusema ni mawazo.

Daktari hakusema hivyo. Alinieleza kuwa bakteria huyo, Helicobacter pylori, anaweza kuuvimbisha utando wa tumbo bila kuchimba kidonda chochote. Akanisimulia habari za Barry Marshall wa Australia, daktari mwenzao, ambaye mwaka 1984 alikunywa kwa makusudi maji yenye bakteria hao. Baada ya siku chache akawa anashiba vibaya na kutapika asubuhi. Kamera ikaonyesha uvimbe, kidonda hamna. Kumbe mtu mzima na akili zake aliutafuta ugonjwa wangu kwa kikombe! Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Nikapimwa choo kubwa. Kwanza ilibidi niache omeprazoli wiki mbili, maana huwaficha bakteria kipimo kikasema hawapo. Wiki mbili hizo sitaki kuzikumbuka. Walikuwepo. Nikameza dawa siku 14 bila kuruka hata moja, nikarudia kipimo zaidi ya mwezi baadaye, wameisha. Nafuu haikuja siku hiyo. Ilichukua kama miezi sita ndipo nikala makande usiku nikalala.

Sasa mdogo wangu aliyeko Mafinga. Tumbo lake ni lile lile la kwangu, na amepimwa damu mara tatu, mara zote jibu ni "unao", mara zote amemaliza dawa. Nikampeleka kwa daktari yule yule. Choo chake kilikuwa safi. Damu hubeba kinga ambayo mwili ulijitengenezea dhidi ya bakteria, na inaweza kukaa muda mrefu baada ya bakteria kufa. Nilimwelewesha kifundi: ukifumua mshono, uzi unatoka lakini matundu ya sindano yanabaki kwenye kitambaa. Kipimo cha damu kinasoma matundu. Cha choo kinatafuta uzi. Basi dozi mbili, pengine, alizimeza kwa ajili ya matundu.

Na tumbo lake bado linajaa. Daktari alisema wazi kwamba kwa watu wa aina yetu, wasio na kidonda, ni kama mmoja katika kila 14 wanaotibiwa anayepona kwa sababu ya kuondolewa bakteria. Mimi huenda ni huyo mmoja. Yeye shida yake iko kwenye tumbo lenyewe, linavyosukuma chakula na linavyohisi, na sasa anatumia dawa nyingine.

Nawaomba mrudie makala hiyo na mtaje kipimo cha choo, na zile wiki mbili. Mdogo wangu ni msomaji wenu. Juzi kanipigia simu: kasoma gazeti, na anataka kwenda kupima damu tena.

Fundi cherehani,
Makambako, Njombe